Ringi, Laina na Oili: Kuzoeza Injini Mpya na Kutafuta Neno Lake Mpakani Busia na Tororo

Makala haya ni ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili, ingawa yamejaa oili na vyuma. Tunakusudia kueleza mambo mawili ambayo fundi mzoefu wa dizeli huyajua kwa mikono yake: jinsi silinda ya injini inavyolainishwa, na kwa nini injini mpya, au ya zamani iliyofunguliwa ikatiwa vipuri vipya, haipaswi kubebeshwa kazi nzito siku ya kwanza. Tukishaeleza hayo tutarudi kwenye fani yetu, tuulize Kiswahili kinayasemaje, na mwalimu afanye nini nayo darasani.

Mada hii tumeichagua kwa sababu ya mahali. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo likapitisha kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu atakayepangiwa shule ya Busia au Tororo atakuta Kiswahili kimemtangulia. Kiko gereji, kiko mwaloni, kiko kwenye foleni ya malori. Dereva aliyetoka Mombasa, fundi ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiteso, mvuvi Msamia na mwenye duka la vipuri ambaye ni Mjapadhola hukutana katika Kiswahili, na mara nyingi jambo lililowakutanisha ni injini.

Hoja yetu ni moja. Neno la kiufundi haliwezi kuchaguliwa vizuri kabla ya kuelewa kinachotendeka ndani ya mashine. Mfasiri asipoelewa, maneno yake yanaweza kupendeza masikioni, lakini hasara itamwangukia mwenye injini.

Injini za mpakani

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa hapo mwaka 2018, na malori makubwa hupita mchana na usiku. Kaskazini yake, Malaba, reli itokayo Mombasa huvuka mpaka na kufika Tororo, ambako tawi moja huelekea Mbale na kaskazini ya Uganda. Vichwa vya treni kwenye reli hiyo ni vya dizeli.

Mjini Tororo kwenyewe kuna kituo cha umeme cha Electro-Maxx. Kilijengwa wakati Uganda ikihangaika na upungufu wa umeme, kabla ya bwawa la Bujagali kukamilika mwaka 2012, nacho huendeshwa kwa mafuta mazito. Haya ni mafuta meusi yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa katika mafuta ghafi. Lazima yapashwe moto kwanza ndipo yatiririke vizuri na kuingia kwenye injini.

Kusini ya Busia ni Ziwa Viktoria. Upande wa Uganda kuna Majanji. Upande wa Kenya kuna Sio Port na Port Victoria. Huko injini ni ndogo, zile za kufungwa nyuma ya mashua, na hutumia petroli.

Iko na injini nyingine ambayo haifiki mpakani lakini mpaka unaitegemea, nayo ni ya meli kubwa inayotia nanga Mombasa. Shehena nyingi inayopita Busia na Malaba ilikuja kwa meli kama hiyo. Katika meli kubwa kabisa silinda moja ina kipenyo cha karibu sentimita 96, na mtu mzima anaweza kusimama ndani yake. Injini ya lori huzunguka mara 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Ya meli hii huzunguka mara 100 hivi tu.

Tofauti ya ukubwa inatisha. Hata hivyo tatizo la msingi ni lilelile katika zote: chuma kinateleza juu ya chuma, penye moto mkali, na kati yao pana utando mwembamba wa oili.

Ndani ya silinda

Silinda ni chumba cha mviringo. Katika injini nyingi kubwa, ukuta wake wa ndani ni kipande cha pekee kinachoweza kutolewa na kubadilishwa. Mafundi wengi hukiita laina. Wengine hukiita slivu. Ndani ya laina hupanda na kushuka pistoni. Pistoni haiubani ukuta, kwani ikipata moto hutanuka na ingekwama. Pengo linalobaki huzibwa na ringi, yaani pete za chuma zilizokatwa mahali pamoja ili ziwe na mkunjuko, na kuvishwa katika mifereji ya pistoni. Ringi za juu huzuia gesi ya moto isipenye kwenda chini. Katika injini ya lori, ringi ya chini hukwangua oili iliyozidi ukutani na kuirudisha chini.

Sasa tuangalie mwendo wa pistoni. Katikati ya safari yake huenda kwa kasi kubwa, na kasi hiyo huvuta oili iingie chini ya ringi na kuinyanyua kidogo, kama mashua inavyoinua kichwa inapoongeza mwendo. Hapo chuma hakigusi chuma. Lakini kila inapofika juu kabisa au chini kabisa, pistoni husimama kwa nukta moja kabla ya kugeuka. Injini ya lori inayozunguka mara 1,800 kwa dakika husimamisha kila pistoni mara 3,600 katika dakika hiyo. Kasi ikiisha, ringi hushuka na utando wa oili hupungua. Juu kabisa, ambako mafuta yanaungua, mambo mabaya hukutana: joto ni kali, mgandamizo wa gesi unaisukuma ringi dhidi ya ukuta, na oili ni haba.

Ndiyo maana laina haichakai sawasawa. Huliwa zaidi karibu na kilele. Fundi akifungua injini iliyofanya kazi miaka mingi, hupitisha kidole ndani ya laina na kuhisi kingazi kidogo mahali ambapo ringi ya juu huishia. Kingazi hicho ni kumbukumbu ya mamilioni ya visimamo vya pistoni. Katika injini kubwa za meli zinazotunzwa vizuri, laina huliwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa kila saa 1,000 za kazi.

Kazi ya pili ya oili

Kama kazi ya oili ingekuwa kutelezesha tu, oili yoyote yenye uzito unaofaa ingetosha. Sivyo ilivyo, na sababu kubwa ni salfa.

Mafuta ya dizeli na mafuta mazito huwa na salfa ndani yake. Yanapoungua, salfa hugeuka kuwa gesi, na gesi hiyo ikikutana na mvuke wa maji uliotokana na kuungua kulekule, hutokea asidi ya salfa. Ukuta wa laina ukiwa na joto la kutosha, asidi hiyo hutoka na moshi. Ukipoa mno, asidi hutonea ukutani, kama mvuke unavyotonea kwenye mfuniko wa sufuria, na kuanza kula chuma. Kwa hiyo injini inayoendeshwa muda mrefu kwa kazi ndogo sana, ikiwa baridi, inaweza kuliwa haraka kuliko inayofanya kazi ya wastani.

Dawa ya asidi ni alkali. Watengenezaji huchanganya alkali, hasa misombo ya kalsiamu, ndani ya oili ili ikutane na asidi na kuizima kabla haijafika kwenye chuma. Nguvu ya alkali hiyo huandikwa kwa nambari kwenye pipa. Kwa miaka mingi meli ziliruhusiwa kuchoma mafuta mazito yenye salfa hadi asilimia 3.5, na oili ya silinda iliyozoeleka ilikuwa na nambari 70. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kanuni za kimataifa zimeshusha kikomo hadi asilimia 0.50 kwa meli isiyo na mtambo wa kusafisha moshi, na meli nyingi zikahamia oili yenye nambari 40 au pungufu.

Msomaji anaweza kuuliza: alkali ikizidi kuna ubaya gani? Ubaya upo. Alkali isiyopata asidi ya kuizima hubaki kama majivu magumu kwenye ubavu wa juu wa pistoni. Majivu hayo hukwangua utando wa oili na hata ukuta wenyewe. Oili inatakiwa ilingane na mafuta yanayochomwa, isipungue wala isizidi.

Kwa upande wa malori, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia mwaka 2015 kwenye kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Asilimia 3.5 ni sehemu 35,000 kwa kila milioni, yaani mara 700. Ndiyo maana oili ya lori na oili ya silinda ya meli ni vitu viwili tofauti, ingawa zote ni nyeusi baada ya kazi na zote huitwa oili.

Oili inayorudi na oili isiyorudi

Kuna njia mbili za kuifikisha oili kwenye silinda. Katika lori, oili hukaa kwenye bakuli chini ya injini. Pampu huisukuma hadi kwenye beringi, nyingine hurushwa kwenye kuta za silinda, kisha hukwanguliwa na kurudi bakulini. Oili hiyohiyo huzunguka tena na tena hadi siku ya kubadilishwa. Injini za vituo vya umeme vinavyotumia mafuta mazito kwa kawaida hufuata mpango huu, ila oili yake huwa na alkali nyingi zaidi kuliko ya lori, kwa sababu inakutana na asidi nyingi na pia masizi ya mafuta mazito.

Meli kubwa hufuata mpango mwingine. Kati ya silinda na sehemu ya chini ya injini kuna ukuta unaozitenganisha, kwa hiyo silinda ina oili yake na beringi zina yake. Oili ya silinda hudungwa kupitia matundu madogo yaliyozunguka laina, kiasi kidogo kilichopimwa. Hupakwa na ringi, hufanya kazi yake, kisha huungua au huchuruzika kama taka. Haizunguki tena.

Kwa kuwa oili hiyo hairudi, kila gramu inahesabiwa. Tuseme injini ya kilowati 10,000 inalishwa gramu 0.8 kwa kila kilowati kwa saa. Hiyo ni kilo 8 kwa saa, na kilo 192 kwa siku. Mhandisi akipunguza ili kubana matumizi, asidi na msuguano vinamngoja. Akizidisha, anachoma fedha na kujaza majivu.

Wasomaji wetu wa mwambao wa ziwa wataitambua njia hii mara moja. Injini ndogo ya mashua ya kizamani, ile ya mapigo mawili, nayo hutumia oili isiyorudi. Oili huchanganywa na petroli kwenye tangi, huingia pamoja nayo, hulainisha na kuungua. Kipimo kinachotumika sana ni sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli. Katika dumu la lita 20 hiyo ni mililita 400. Mvuvi wa Majanji anayepima oili kwa kikombe anafanya kazi ileile inayofanywa na mtambo wa meli kubwa inayoingia Mombasa.

Kuzoeza injini mpya

Laina mpya si nyororo kama kioo. Kiwandani au kwenye karakana huchorwa mistari myembamba inayokatana, kwa jiwe maalumu la kusugulia. Mistari hiyo ina kazi: mabonde yake huhifadhi oili. Lakini kati ya mabonde kuna vilele vidogo visivyoonekana kwa jicho, na ringi mpya nayo ina vilele vyake. Siku ya kwanza, vilele hukutana na vilele. Eneo linalogusana kwa kweli ni dogo sana, na uzito wote unaangukia hapo.

Kinachotakiwa ni vilele hivyo viliwe polepole, mabonde yabaki, hadi ringi ilingane na laina yake pande zote. Baada ya hapo uzito hutawanyika, gesi haipenyi, na ulaji wa chuma hupungua sana. Huu ni uchakavu, ila ni uchakavu unaotakiwa na unaosimamiwa.

Unaweza kuharibika kwa njia mbili zinazopingana. Ya kwanza ni haraka. Injini ikibebeshwa mzigo wote mara moja, vilele hupata moto kiasi cha kuungana kwa nukta moja na kuachana kwa kuchanika. Chuma huchubua chuma. Mchubuko huzaa joto, joto huzaa mchubuko mwingine, na silinda inaweza kuharibika kwa muda mfupi sana. Injini iliyofika hapo huweza kukwama kabisa.

Njia ya pili ni woga, na wengi hawaijui. Mwenye injini aliyeambiwa aiendeshe polepole huenda akaiacha inguruma bila kazi kutwa nzima, akidhani anaihurumia. Kumbe kinachoisukuma ringi dhidi ya ukuta ni mgandamizo wa gesi, na bila kazi mgandamizo ni mdogo. Ringi haikai mahali pake. Oili hupenya juu, huungua, na kuziba mistari ya laina kwa utando mgumu unaong'aa kama kioo. Injini hiyo itakula oili na kutoa moshi wa bluu tangu ujana wake, na mara nyingi dawa ni kuifungua upya.

Kwa hiyo kanuni ni kazi ya wastani inayopanda hatua kwa hatua, mwendo unaobadilikabadilika, bila kukaza na bila kuacha injini ingurume muda mrefu. Oili ya kwanza ya injini ya lori humwagwa mapema, kwa sababu imebeba unga wa chuma uliotoka kwenye vilele. Kwenye meli, oili ya silinda hulishwa kwa wingi zaidi mwanzoni, kisha hupunguzwa kwa hatua katika mamia ya saa za kazi, huku wahandisi wakichungulia ringi kupitia matundu ya laina injini inaposimama. Kwenye injini nyingi za mashua za mapigo mawili, kitabu huagiza sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli kwa saa 10 za kwanza. Dumu la lita 20 litatiwa mililita 800 badala ya 400. Kitabu cha injini yenyewe ndicho hakimu, maana vipimo hutofautiana.

Kwa familia iliyonunua injini ya mashua kwa mkopo, saa hizo 10 zina uzito mkubwa. Kama maelekezo yalisomwa vibaya, mkopo utaendelea kulipwa baada ya injini kufa.

Maneno manne ya kuangaliwa

Hapa ndipo fani yetu inapoingia. Tunapendekeza walimu wayaangalie kwa makini maneno manne.

Neno la kwanza ni mafuta. Kwa Kiswahili cha kila siku neno hili hubeba petroli, dizeli, oili ya injini, mafuta ya kupikia na hata ya kupaka mwilini. Sentensi kama "Weka mafuta kabla ya kuondoka" ni sahihi kisarufi, lakini kwa mwenye injini ya mapigo mawili ina hatari. Akiielewa kuwa ni petroli pekee, injini yake itakwenda bila oili na haitadumu. Mafundi wamelitatua tatizo hili zamani kwa kusema oili, neno la mkopo. Wapo walimu wanaolikata kwa kalamu nyekundu na kuandika mafuta. Tunawaomba waliache. Neno hilo linatenganisha vitu viwili ambavyo kuvichanganya kunaharibu mali.

La pili ni kulainisha. Neno hili limekubalika, nasi hatupendekezi liondolewe. Ila limetokana na laini, na laini ni kitu kisicho kigumu na pia kitu kisicho na mikwaruzo. Mwanafunzi anaweza kudhani kuwa oili hulegeza chuma. Zaidi ya hayo, kulainisha hutaja kazi moja ya oili na kuficha nyingine: kuzima asidi, kuziba mwanya wa ringi, kusafisha masizi na kuondoa joto. Anayejua kulainisha pekee ataona oili yoyote inayoteleza inafaa. Mwalimu anapofundisha neno kilainishi, aorodheshe kazi zote hizo.

La tatu ni laina. Linatofautiana na laini kwa irabu moja tu, na wote tunaisikia laini ya simu kila siku. Mwanafunzi akiandika "laini ya injini iwe laina", mwalimu wa lugha anaweza kupita bila kuona kosa. Tena kama tulivyoona, laina mpya haitakiwi kuwa laini mno. Sentensi hiyo moja ni zoezi zuri la imla na la ufahamu kwa pamoja.

La nne ni kuzoeza, na hili ndilo tunalolitetea zaidi. Kiingereza huita jambo hili kwa kitenzi cha kukimbia kilichounganishwa na neno la ndani. Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno ataandika kukimbia ndani, au kuendesha ndani, na hakuna fundi atakayejua afanye nini. Wengine husema kuendesha polepole. Hili linaeleweka, lakini ndilo linalomwongoza mwenye injini kwenye lile kosa la pili, la woga.

Tazama sasa mzizi zoea na minyambuliko yake. Katika kauli ya kutendana, ringi na laina huzoeana: kila moja humnyoa mwenzake hadi walingane. Katika kauli ya kutendesha, fundi huizoeza injini: huipa kazi kidogo, huongeza, hupumzisha, huongeza tena, kama mtu anavyomzoeza ng'ombe wa kulimia kuvuta jembe. Hakuna anayemzoeza ng'ombe kwa kumfungia zizini, wala kwa kumpa shamba zima siku ya kwanza. Neno lenyewe linakataza makosa yote mawili. Lugha yetu inao uwezo wa kutenganisha kile chuma kinachofanya na kile fundi anachofanya, kwa viambishi tu. Hivyo tunapendekeza uzoezaji wa injini kwa kazi ya fundi, na kuzoeana kwa kinachotokea kati ya ringi na laina.

Mapendekezo ya kazi darasani

Walimu wanaweza kuanza na mambo manne yafuatayo.

Kwanza, wape wanafunzi sentensi "Ongeza mafuta" na uwaombe waandike maana zote zinazowezekana gereji, jikoni, mwaloni na hospitalini, kisha waiandike upya kwa kila mahali isibaki na utata.

Pili, wapeleke wanafunzi gereji, kwa idhini ya wenyewe, wakusanye vitenzi. Mara nyingi tunakusanya nomino: pistoni, ringi, beringi, gasketi. Nomino nyingi za gereji ni za mkopo na hufanana. Vitenzi ndivyo vinavyoonyesha ujuzi: kufungua injini, kukaza, kulegeza, kula oili, kupumua, kukwama. Waandike nani alisema, katika mazingira gani, bila kumtaja jina.

Tatu, shirikianeni na mwalimu wa hesabu. Lita 20 za petroli kwa uwiano wa 1 kwa 50, kisha 1 kwa 25. Mwanafunzi asome swali kwa Kiswahili, akokotoe, na aandike jibu kwa sentensi kamili ambayo mvuvi angeweza kuifuata.

Nne, na hili ni la wanafunzi wa tafsiri, chukueni ukurasa wa maelekezo ya injini mpya, mfasiri, kisha mpeleke tafsiri kwa fundi. Msimuulize kama imependeza. Mwulizeni: "Ukisoma hivi, kesho asubuhi utafanya nini?" Akieleza hatua zilizo sahihi, tafsiri imefaulu. Akisita, tafsiri irudi mezani.

Hitimisho

Tumeona kwamba oili ya silinda ina kazi nyingi kuliko jina lake, kwamba kipimo chake kinategemea mafuta yanayochomwa, na kwamba ringi na laina mpya zinahitaji muda na kazi inayopanda taratibu ili zizoeane. Tumeona pia kwamba maneno ya gereji yanastahili heshima kabla ya kusahihishwa, kwa kuwa mengi yalibuniwa na watu ambao kosa la neno lingewagharimu injini.

Tunawaalika walimu walioko Busia, Tororo, Malaba na mwambao wa ziwa watuletee maneno wanayoyasikia kwa jambo hili la kuzoeza injini, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Wanaosema tofauti na sisi ndio tunaotaka kuwasikia zaidi. Waeleze pia neno hilo humfanya fundi atende nini.